Mgiriki wa Pili: Islamabad na Magofu ya Taxila



Nimeombwa nizungumzie miji mikuu mipya. Mada hiyo ni pana mno kwa jioni moja, kwa hiyo nimechagua mji mmoja tu, Islamabad ya Pakistan, na jirani yake mmoja tu, Taxila. Kati yao pana mwendo wa kilomita 30 hivi, na umri wa miaka elfu mbili na ushei. Anayeuandika mmoja aghalabu hautaji mwingine. Islamabad ni ya wachora ramani, Taxila ni ya wanaakiolojia, na vitabu vya makundi haya mawili hukaa rafu zisizoonana. Hoja yangu ni kwamba Islamabad si mji wa kwanza kupangwa pembeni mwa vilima vya Margalla. Watawala wa pale wana desturi ya zamani sana ya kuuacha mji uliopo na kuchora mwingine kando yake, na anayetaka kujua hatima ya mchoro wa karibuni ana michoro iliyotangulia, imefukuliwa na kupimwa, anaweza kuitembea kwa miguu.

Nianze na mtu. Jenerali Ayub Khan alishika nchi Oktoba 1958. Mwaka uliofuata tume iliyoongozwa na Jenerali Yahya Khan ilitafuta mahali pa makao makuu mapya badala ya Karachi, na mshauri wake alikuwa Constantinos Doxiadis, mpanga miji aliyekulia Athens. Doxiadis hakuwa mgeni Pakistan. Alikuwa ameizunguka tangu katikati ya miaka ya 1950, na kule Karachi alipanga Korangi, mtaa wa wakimbizi waliohamia baada ya India kugawanywa. Kabla ya yote hayo alikuwa mwanafunzi Berlin, na tasnifu yake ya udaktari ilihusu namna Wagiriki wa kale walivyopanga majengo yao viwanjani. Basi mtu huyu, aliyeianza kazi yake kwa kupima magofu ya wazee wake, akapewa uwanda mzima wa Potwar auchoree mji mkuu.

Alichora miraba. Na kwenye ncha ya magharibi ya vilima hivyohivyo, Wagiriki wengine walikuwa wameshachora miraba yao katika karne ya 2 KK. Sijui kama kuna sadfa nyingine kama hii katika historia ya mipango miji. Mimi siijui.

Twende kwanza kwa hao wa kale. Tunaposema Taxila tunasema kama kwamba ni mji mmoja, kumbe ni angalau mitatu, iliyolala karibu karibu katika bonde moja, pale njia kuu ya kutoka uwanda wa Ganges ilipokutana na njia za Asia ya Kati na za Kashmir. Alexander Cunningham alitambua katika miaka ya 1860 kuwa magofu yale ndiyo Taxila ya vitabu. Aliyeyafukua ni John Marshall, kuanzia 1913 hadi 1934, na matokeo yake yakatoka mwaka 1951 katika majuzuu matatu mazito. Warithi wake hawakumwachia hivihivi: Mortimer Wheeler, aliyeendesha shule ya mafunzo ya ufukuaji palepale Taxila mwaka 1944, alimlaumu kwa kuchimba kwa kina kilekile bila kufuata tabaka za udongo. Lawama hiyo ina haki. Lakini bila Marshall tusingekuwa na cha kubishania.

Mji wa kwanza ni ule wa Bhir Mound. Mizizi yake inafika karne ya 6 KK, na ndio mji ambao mfalme Ambhi alimkaribisha ndani yake Aleksanda mwaka 326 KK bila kurusha mshale. Hauna mstari ulionyooka. Vichochoro vinapinda, vinabanwa, vinafunguka ghafla kuwa kiwanja, vinabanwa tena. Anayeujua Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu hatapotea kimawazo. Lakini msiuite mji holela. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake la maji machafu, refu na jembamba, na penye viwanja palikuwa na mahali maalumu pa kutupia taka. Hakuna jenerali aliyeuchora, lakini watu waliokaa pale walikuwa wameshakubaliana taka ziende wapi.

Wa pili ni Sirkap, na hapa nitakaa kidogo. Wagiriki wa Baktria, waliovuka milima ya Hindu Kush na kuteka nchi, waliuanzisha ng'ambo ya kijito, umbali ambao mtu anaweza kusikia mwenzake akipiga kelele. Wapo wanaobisha kuhusu tarehe ya ukuta wake, lakini umbo halibishaniwi: barabara kuu moja inayokata mji kutoka kaskazini kwenda kusini, mitaa 15 inayoikata kwa pembe mraba, na ukuta wa karibu kilomita 5 uliozunguka yote, unene wake mita 5 hadi 7. Kwa nini wasikae Bhir? Mji ulikuwapo, visima vilikuwapo, soko lilikuwapo. Jibu ninaloliamini ni lilelile la Ayub Khan. Mtawala mpya hataki kukaa katika vichochoro ambavyo wenyeji wanavijua kuliko yeye. Mstari ulionyooka unamwonyesha aliyesimama mwisho wa barabara.

Ila Wagiriki hawakudumu. Wakaja Wasaka, wakaja Waparthi, na karibu kila jiwe ambalo mgeni wa leo analiona Sirkap ni la hao waliofuata, si la aliyechora. Mistari ilibaki, waliomo wakabadilika. Mbele, kwenye barabara kuu, palikuwa na safu ya maduka madogo. Nyuma ya maduka kulikuwa na nyumba kubwa zenye ua katikati. Na kila baada ya hatua kadhaa kulikuwa na stupa, kaburi la kuabudia la Wabuda, limesimama katikati ya makazi. Moja ya stupa hizo huitwa ya Tai wa Vichwa Viwili. Kwenye uso wa msingi wake fundi amechonga milango ya bandia ya aina tatu: mmoja wa Kigiriki, mmoja wa Kihindi wenye tao, mmoja kama malango ya Sanchi. Juu ya tao akaketisha tai mwenye vichwa viwili. Aliyechora Sirkap hakumwagiza afanye hivyo. Miraba yake ilimpa fundi ukuta wa kuchonga, basi.

Mji wa tatu, Sirsukh, uliwekwa na Wakushani upande wa kaskazini, kwa ukuta wa mraba wenye ngome za nusu duara. Umefukuliwa kidogo tu, nami nitaupita. Kilicho muhimu kwetu ni kwamba nao ulijengwa kando ya Sirkap, na wala si juu yake. Zaidi ya karne tano baadaye, mtawa wa Kichina Xuanzang alipopita katika karne ya 7 BK, alikuta nyumba nyingi za watawa ni magofu.

Sasa turudi kwa Mgiriki wa pili. Sababu zilizotolewa za kuikimbia Karachi zinajulikana: joto lenye unyevunyevu, bandari iliyo wazi kwa adui wa baharini, na wafanyabiashara wanaowaharibu watumishi wa serikali. Haikusemwa kwa sauti hiyohiyo kwamba makao makuu ya jeshi yalikuwa Rawalpindi, na mtawala mwanajeshi angependa ofisi za raia zisogee jirani. Jina Islamabad lilikubaliwa Februari 1960. Juni mwaka huohuo iliundwa mamlaka ya kuujenga mji, yenye herufi tatu, CDA. Naona wenzangu wa Dodoma wanatabasamu. Ndiyo, ni herufi zilezile. Chama cha TANU kilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu bara, chombo kilichoundwa, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kilijulikana kwa herufi hizohizo za Kiingereza, na wananchi wa Dodoma walikuwa na maneno yao juu yake hadi kilipovunjwa mwaka 2017. CDA ya Islamabad bado ipo, na wananchi bado wana maneno yao.

Mchoro wenyewe unapendeza kwenye karatasi. Kila kitalu ni mraba wa takriban kilomita 2 kwa 2, unaitwa kwa herufi na namba: G-6, F-7, I-10. Herufi zinashuka kutoka vilimani kwenda bondeni, namba zinapanda kuelekea magharibi. Kila kitalu kimegawanywa robo nne, katikati kuna soko, msikiti na ofisi ndogondogo, na mtoto anatakiwa afike shule bila kuvuka barabara ya magari. Kazi ya kujenga ilianza 1961, na G-6 ndiyo iliyopokea wakazi wa mwanzo. Doxiadis alisema mji usifungiwe. Aliuchora ukue kuelekea upande mmoja, na katikati yake, eneo la biashara, iwe na nafasi ya kurefuka pamoja nao badala ya kukabwa koo na mitaa kama katikati ya miji mingine. Nampa haki yake: hilo ni wazo kubwa, na miji yetu mingi ingelihitaji.

Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Maandishi ya wakati ule hupenda kuonyesha uwanda, vilima, na mtu mwenye ramani mkononi. Uwanda ulikuwa na vijiji vyenye mashamba, misikiti na makaburi. Nurpur Shahan palikuwa na ziara ya Bari Imam, na Golra palikuwa na ziara inayovuta umati mpaka leo. Saidpur, kijiji cha kale chini ya vilima, kina hekalu la Kihindu lililobaki tangu kabla ya 1947. Wanavijiji waliahidiwa fidia na viwanja. Baadhi walipata, baadhi hawakupata, na baadhi hawakuondoka, hadi kesi zao zimerithiwa na wajukuu. Vipo vitalu ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa miraba kwenye ramani na mashamba kwenye ardhi. Saidpur yenyewe ilinusurika na baadaye ikapakwa rangi, ikawekewa migahawa, ikawa mahali pa kupeleka wageni jioni. Sina hakika kama huko ni kunusurika.

Halafu kuna jambo la vyeo. Nyumba za serikali zilipangwa kwa daraja la mtumishi: karani huku, katibu mkuu kule, kila daraja na ukubwa wake wa kiwanja. Doxiadis alitaka madaraja yachanganyike kidogo ndani ya kitalu, na mwanzoni yalichanganyika. Ila hakuna aliyetenga robo kwa ajili ya wafagiaji. Wafagiaji wa Islamabad, wengi wao Wakristo kutoka Punjab, walijitafutia mabonde ya vijito vinavyokatiza kati ya vitalu, na makazi yao yapo hadi leo katikati ya mitaa ya matajiri. Moja, katika F-7, linaitwa French Colony kwa sababu ubalozi wa Ufaransa uliwahi kuwa jirani. Julai 2015, makazi ya kitalu I-11 yalibomolewa kwa matingatinga na maelfu ya watu wakabaki nje. Nikilinganisha na Sirkap najizuia nisiupambe mji wa kale kuliko ulivyokuwa. Watumwa na vibarua wa Sirkap hawakuandika barua. Lakini ramani ya Marshall inaonyesha duka la mtu mdogo likiegemea ukuta wa nyumba ya mtu mkubwa, barabara ileile, mfereji uleule wa mvua. Mji uliopangwa mstari kwa mstari ulikuwa na nafasi ya kumwegemeza mdogo kwa mkubwa. Wa Islamabad ungeweza pia, kama ungetakiwa.

Kuna somo la Sirkap ambalo lilikuwa na gharama ya roho za watu. Marshall aliona kwamba kwenye miaka ya 30 BK mji ulipigwa na tetemeko. Baada yake kuta zinabadilika. Badala ya mawe ya ovyoovyo yaliyopangwa kwa tope, panatokea mawe makubwa yaliyozungushiwa vipande vidogo kwa ustadi. Misingi inazama chini zaidi. Na nyumba, ambazo yeye alidhani zilikuwa na ghorofa tatu au nne, zinashushwa hadi mbili, huku ile ya chini ikizikwa nusu ardhini. Waparthi hawakuwa na chuo cha uhandisi. Walikuwa wamefukua maiti.

Tarehe 8 Oktoba 2005, tetemeko lililoua makumi ya maelfu Kashmir liliitikisa pia Islamabad. Mji kwa jumla ulisimama, isipokuwa sehemu ya jengo la Margalla Towers, kitalu F-10, iliyoporomoka na kuua watu zaidi ya 70. Ni maghorofa yaliyouzwa kwa watu wenye uwezo, si kibanda cha bondeni. Miaka miwili baadaye nchi ilipata kanuni mpya za ujenzi dhidi ya matetemeko. Ukuta wa Waparthi ulikuwa wazi kwa yeyote kwa miongo kadhaa, nusu saa kwa gari, na bado jibu lilingoja maiti mara ya pili.

Niseme neno juu ya miti, maana wanafunzi huipenda hadithi hii. Mji mpya ulitakiwa uwe wa kijani haraka. Katika miaka ya 1960 ulipandwa kwa wingi mforsadi wa karatasi, mti wa Asia ya Mashariki, unaokua upesi na hauchagui udongo. Ulikua upesi hasa. Ukaingia vilimani, ukaifukuza miti ya asili, na kila Machi unamwaga chavua kiasi cha kuwajaza wagonjwa wa pumu hospitalini. CDA imekuwa ikiukata kwa miaka, nao unachipua upya kutoka kwenye visiki.

Tukiyaweka haya yote pamoja tunafika kwenye swali la ujirani. Islamabad imechukua nini Taxila? Maji, kwanza. Bwawa la Khanpur kwenye mto Haro, lililokamilika 1983 juu ya bonde la Taxila, hunywesha Islamabad na Rawalpindi, na magofu ya stupa ya Bhamala yako ukingoni mwa ziwa lake. Mawe, pili. Mji wa saruji hula kokoto, na vilima vya Margalla upande wa Taxila vimepasuliwa kwa baruti na kusagwa kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ikaingilia. Viwanda vizito vya kijeshi vikawekwa Taxila katika miaka ya 1970. Magofu ya Taxila yaliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1980, na ripoti zake zimetaja mitikisiko na vumbi. Na katika miaka ya 1990 ulijengwa uwanja wa mpira juu ya sehemu ya Bhir Mound. Nasema tena: uwanja wa mpira, juu ya mji uliompokea Aleksanda.

Kwa nini hilo liliwezekana? Sioni uovu ndani yake. Naona mji wa kale ambao haukuwa na mwenyewe katika hadithi ya taifa. Vitabu vingi vya shule Pakistan huianza historia ya nchi mwaka 712, Muhammad bin Qasim alipoiteka Sindh. Makao makuu yalipewa jina la dini ili yashikamanishe mbawa mbili za nchi zilizotenganishwa na kilomita 1,600 za India, na mbawa moja ikajitenga mwaka 1971 ikawa Bangladesh hata kabla mji haujamalizika. Katika hadithi kama hiyo, sanamu za Buddha zenye mikunjo ya nguo ya Kigiriki hazijui zikae wapi. Zinakaa kwenye jumba la makumbusho la Taxila, ambalo msingi wake uliwekwa 1918 na Gavana Mkuu wa Kiingereza wa India, na milango yake ikafunguliwa 1928. Jumba ni zuri. Wageni wa Japani, Korea na Sri Lanka huja kuhiji, na siku hizi serikali inawakaribisha, kwa kuwa hija ina pesa.

Niishie kwenye ramani, kwa kuwa hapa ndipo wanafunzi wangu watakapopata kazi. Sensa ya 1998 ilikuta watu wapatao 805,000 katika eneo la makao makuu. Ya 2023 ilikuta zaidi ya milioni 2.3. Namba za vitalu zimeendelea kupanda kuelekea magharibi. Kampuni na vyama vya ushirika vya nyumba vinauza viwanja katika B-17, kando ya Barabara Kuu ya Grand Trunk karibu na Sangjani, na barabara mpya chini ya vilima imefunguliwa kuelekea hukohuko. Ukisimama B-17, Taxila ndiyo jirani yako wa karibu, kuliko bunge. Sirkap ilikuwa na ukuta uliosema mji unaishia hapa. Doxiadis, kwa makusudi, hakuweka ukuta wala kikomo upande huo.

Na anayepaswa kukiweka si mmoja. Islamabad iko chini ya serikali kuu na CDA. Bhir, Sirkap na jumba la makumbusho viko mkoa wa Punjab. Jaulian, nyumba ya watawa iliyo nzuri kuliko zote, na Bhamala viko mkoa wa Khyber Pakhtunkhwa. Tangu marekebisho ya katiba ya 2010, mambo ya kale yako mikononi mwa mikoa. Bonde moja, mto mmoja, magofu ya mji uleule, na idara tatu za mipango zenye mihuri tofauti. Muuza viwanja anayetaka kibali anajua aanzie mlango upi. Stupa haijui.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimemaliza. Kama kuna mwanafunzi amewahi kufanya kazi katika wilaya inayopakana na mbuga, hifadhi au magofu, ningependa aanze yeye kuuliza.